Kadi ya Manjano ni Shahidi, Chanjo Ndiyo Kinga
Somo kwa wakazi wa mpakani wanaojiandaa kusafiri



Katika mikutano ya ulinzi shirikishi tunayoifanya vijijini na masokoni karibu na mpaka, tumezoea kuulizwa juu ya wizi wa mifugo, ugomvi wa mashamba na boda boda zinazotembea usiku bila taa. Siku hizi limejitokeza swali jingine, nalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya mkutano kufungwa: "Afande, kadi ya manjano inapatikana wapi kwa haraka?" Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili. Kadi hiyo haipatikani kwa haraka, na anayeitoa kwa haraka anauza kitu kingine kabisa.

Tuanze na kisa kimoja, ambacho mwenyewe ameturuhusu kukisimulia bila kutaja jina wala mahali.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, alipanga kupeleka magunia sita katika soko la nchi jirani. Katika kituo cha mabasi alimkuta kijana aliyemwonya kwamba bila kadi ya manjano hatapita, kisha akamtoa wasiwasi: kadi anayo, muhuri anao, na basi halitamwacha. Mama akalipa. Jina lake likaandikwa, muhuri ukagongwa, na kabla basi halijajaa kadi ilikuwa mkononi. Mpakani, afisa wa afya aliitazama kadi ile, akauliza swali moja tu: "Mama, ulidungwa mkono upi?" Mama akasita. Afisa akachukua kadi za abiria wengine wawili wa basi lile lile. Mwandiko ulikuwa mmoja, namba ya chanjo ilikuwa moja, na tarehe zote tatu zilikuwa za siku ile ile. Hakuna hata mmoja wao aliyepita. Magunia yalikaa juani siku mbili, na mtaji aliokopa kwenye kikundi cha akina mama ukapotea njiani.

Alipotusimulia, hakujitetea sana. Alisema, "Mimi nilidhani ndiyo chanjo yenyewe hiyo."

Tunaamini kwamba wengi wanaonunua kadi hizi hawana nia ya uhalifu. Wameelezwa juu ya karatasi, hawakuelezwa juu ya ugonjwa. Kwa hiyo somo letu litaanza na ugonjwa, kisha litarudi kwenye karatasi.

Ugonjwa usioombea kibali

Homa ya manjano huletwa na kirusi kinachoenezwa na mbu, hasa wa jamii ya Aedes. Mbu hao huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi kutukinga. Dalili huanza siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa: homa, kichwa kugonga, maumivu ya mgongo, kichefuchefu na kutapika. Wengi hupata nafuu baada ya siku tatu au nne. Lakini wapo wachache ambao, siku moja tu baada ya kudhani wamepona, homa huwarudia kwa nguvu zaidi. Ini na figo hushambuliwa, macho na ngozi hugeuka manjano, damu huweza kutoka mdomoni na puani. Katika wale wanaofikia hatua hiyo, karibu nusu hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa inayoua kirusi hicho. Daktari humsaidia mgonjwa kustahimili, basi.

Wakazi wa mpaka wetu wa magharibi wanayo sababu ya pekee ya kuujua ugonjwa huu, kwa maana sehemu kubwa ya siri yake ilifumbuliwa kwao. Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Katika miaka ya 1940 watafiti wake walikwenda Bwamba, chini ya milima ya Rwenzori, kando ya mto Semliki unaotutenganisha na Kongo. Huko walibaini kwamba kirusi huishi msituni, kikipita kutoka nyani na kima mmoja hadi mwingine kwa mbu wanaokaa juu kwenye vilele vya miti. Wanyama hao wanaposhuka kuiba ndizi mashambani huumwa na mbu wa aina nyingine, wanaozaliana katika maji yanayokusanyika kwenye makutano ya majani na shina la mgomba. Mbu hao wa migombani ndio humuuma mkulima anayepalilia.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauhitaji basi wala kivuko. Msitu wa Semliki uko pande zote mbili za mto, na mbu hana paspoti. Kaskazini mwa nchi yetu ulizuka mwishoni mwa mwaka 2010, na mwaka 2016 ukazuka tena Masaka na Rukungiri.

Msafiri naye humbebea mbu mzigo wake. Mlipuko ulioanza Luanda, Angola, mwezi Desemba 2015 uliingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka uliofuata. Wasafiri ambao hawakuwa wamechanjwa waliubeba mbali zaidi: wagonjwa wawili walionekana Kenya na 11 nchini China, wote wakiwa wametoka Angola. Ili kuuzima, zaidi ya watu milioni 30 walichanjwa katika Angola na Kongo. Jijini Kinshasa chanjo haikutosha, ikabidi mamilioni ya watu wapewe sehemu ya tano tu ya dozi ya kawaida. Kila kadi iliyonunuliwa bila sindano ni tundu katika ukuta huo uliojengwa kwa gharama kubwa.

Sindano moja, siku kumi, maisha yote

Chanjo ya homa ya manjano ni ya zamani na imejaribiwa sana. Aliyeitengeneza, Max Theiler, aliikamilisha mwaka 1937 na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Dozi moja kamili humkinga mtu mwenye afya maisha yake yote.

Yapo mambo matatu ambayo tungependa kila msafiri ayakariri.

La kwanza, cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujijengea kinga. Aliyechanjwa jana hana cheti halali leo, hata kama kila kitu kimeandikwa kwa haki. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, msafiri anayetoka eneo lenye ugonjwa bila cheti halali anaweza kuzuiwa au kuwekwa karantini kwa muda usiozidi siku 6.

La pili, tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha. Zamani kilidumu miaka 10, na bado zipo kadi zilizoandikwa hivyo. Kadi hizo nazo sasa ni za maisha. Mtu akikuambia kwamba kadi yako halali "imeisha muda" na kwamba atakusaidia kwa kitu kidogo, fahamu kwamba anataka kukutoza pesa kwa ujinga wako wa kanuni. Mwombe kwa heshima umwone msimamizi wake.

La tatu linawahusu wale wenye jamaa Kongo. Aliyepewa sehemu ya dozi wakati wa mlipuko alipata kinga ya dharura, lakini sehemu hiyo haimpi haki ya cheti cha kimataifa. Akitaka kusafiri, anahitaji dozi kamili.

Namna ya kuisoma kadi

Cheti halali kina jina la mwenyewe kama lilivyo katika paspoti au kitambulisho chake, tarehe ya kuzaliwa, saini yake, jina la ugonjwa, tarehe ya chanjo, saini na wadhifa wa mtaalamu aliyesimamia, jina la mtengenezaji wa chanjo pamoja na namba ya toleo lake, na muhuri rasmi wa kituo. Hujazwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na huweza kuongezewa lugha nyingine. Kila mtu ana cheti chake: mtoto hapiti kwa kadi ya mama, na mzazi ndiye humtilia saini mtoto asiyejua kuandika. Kadi yenye maandishi yaliyofutwa au kusahihishwa, au yenye nafasi muhimu zilizoachwa wazi, inaweza kukataliwa hata kama sindano ilidungwa kweli.

Kwa hiyo msiondoke kituoni kabla hamjaisoma kadi yenu. Kosa la herufi moja katika jina hurekebishwa kwa urahisi mbele ya muuguzi aliyelifanya. Hugeuka tatizo kubwa saa tisa usiku mbele ya afisa wa nchi nyingine. Aliyepoteza kadi arudi kwanza kwenye kituo alichochanjiwa, maana vituo huweka daftari la waliochanjwa.

Wauzaji, wanunuzi na wanaofumba macho

Sasa tunaingia katika eneo letu sisi polisi. Kughushi hati ni kosa la jinai. Kuitumia hati ya kughushi huku ukijua kwamba ni ya kughushi nako ni kosa. Anayeuza na anayewasilisha mpakani wote wanaweza kufikishwa mahakamani, na anayekamatwa ng'ambo hushtakiwa kwa sheria za huko, mbali na ndugu zake.

Hasara ya kadi bandia haiishii kwa mnunuzi. Mwezi Machi 2012 Wanigeria 125 walirudishwa kutoka Johannesburg kwa kushukiwa kwamba kadi zao hazikuwa halali. Nigeria nayo ikaanza kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, hadi serikali ya Afrika Kusini ilipoomba radhi. Soko la kadi bandia likishazoeleka mahali, hata mwenye kadi ya haki hutazamwa kwa shaka.

Wauzaji tunawatambua kwa dalili zao. Hukaa katika vituo vya mabasi, karibu na wanaobadilisha fedha, au hutuma ujumbe kwa simu. Hawaulizi juu ya afya yako. Hawana jokofu wala sindano. Huahidi kuandika tarehe ya nyuma ili siku 10 zionekane zimepita. Mtu yeyote anayekubali kuandika tarehe ya uongo juu ya mwili wako hastahili kuaminiwa na mwili huo.

Tunapaswa pia kusema jambo lisilo tamu kwetu. Biashara ya namna hii haiwezi kustawi kama hakuna mtumishi wa umma anayefumba macho, na mtumishi huyo anaweza kuwa amevaa sare kama zetu. Polisi hana mamlaka ya kutoa, kuuza, kusaini wala kugonga muhuri kadi ya chanjo. Akikuomba pesa ili upite bila kadi, au ili akutafutie kadi, ametenda kosa. Andika mahali, saa na namba iliyo kwenye sare yake, kisha upeleke taarifa kwa mkuu wa kituo au kwa wilaya. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na mwenyekiti wa LC1.

Na yule ambaye tayari anayo kadi ya kununua? Hatuwezi kumwahidi kwamba sheria itasahau. Tunaweza kumshauri asiitumie, aende akachanjwe, na atueleze ni nani aliyemuuzia. Mama wa dagaa alifanya hivyo. Siku kumi na mbili baada ya kuchanjwa alivuka mpaka ule ule kwa kadi yake mwenyewe.

Wasiofaa kuchanjwa

Chanjo hii imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo haimfai kila mtu. Haipewi mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa kawaida husubiriwa hadi miezi 9. Haimfai mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye ugonjwa wa tezi ya thaimasi, wala mtu ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika sana, kwa mfano kwa virusi vya UKIMWI vilivyokwisha kushusha kinga hiyo au kwa baadhi ya matibabu ya saratani. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga na mwenye umri wa miaka 60 au zaidi wazungumze kwanza na daktari, ili hatari ya safari ipimwe pamoja na hatari ya chanjo.

Mtu wa namna hiyo si lazima avunje safari, wala si lazima anunue uongo. Daktari humwandikia barua rasmi, kwa Kiingereza au Kifaransa, inayoeleza kwamba hapaswi kuchanjwa kwa sababu za kiafya. Maafisa wa mpaka wanapaswa kuizingatia barua hiyo, ingawa wanaweza kumwekea uangalizi baada ya kufika. Hii ndiyo sababu muuguzi huuliza maswali kabla ya kuchoma sindano. Muuza kadi haulizi chochote, na katika kutouliza kwake kuna hatari: mwenye kadi yake huenda asijue kamwe kama chanjo ingemdhuru au kama alihitaji kujikinga na mbu kwa njia nyingine.

Chanjo nyingine za kufikiria

Homa ya manjano huulizwa mpakani, lakini haiko peke yake. Mhudumu wa afya atakushauri kulingana na unakokwenda na kazi utakayofanya.

Anayekwenda Hija au Umra huhitaji chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga aina nne za bakteria, A, C, W na Y, naye achanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Sharti hilo lilikazwa baada ya ugonjwa huo kuwafuata mahujaji hadi makwao mwaka 2000. Wanaokwenda kaskazini kuelekea Sudan Kusini wakati wa kiangazi nao waulizie chanjo hiyo, kwani eneo hilo limo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya nchi hudai pia chanjo ya polio kwa wanaotoka mahali palipo na kirusi hicho, na orodha yake hubadilika, hivyo iulizwe kabla ya kukata tiketi.

Penye kipindupindu ipo chanjo ya kunywa, na ipo pia chanjo ya taifodi. Lakini zote mbili haziondoi haja ya maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Vijana wanaokwenda kufanya kazi za ndani au za ulinzi katika nchi za Ghuba wahakikishe chanjo za pepopunda, surua na homa ya ini aina ya B. Ukiumwa na mbwa popote, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje dalili, kwa sababu zikishaonekana karibu kila mgonjwa hufa.

Ebola ya aina ya Zaire ina chanjo pia, lakini hiyo hupewa hasa waliokaribiana na wagonjwa na wahudumu wa afya wakati wa mlipuko. Mtu akikuuzia "kadi ya Ebola" ya kuvukia mpaka, mripoti. Malaria nayo haina kadi ya msafiri: jikinge kwa chandarua na kwa vidonge utakavyoelekezwa.

Mpango wa safari

Ikiwezekana, nendeni kituo cha chanjo wiki nne hadi sita kabla ya safari. Baadhi ya chanjo huhitaji dozi zaidi ya moja, na chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, ama hutolewa siku moja au huachanishwa kwa muda wa wiki nne. Ulizeni mapema ni vituo gani vimeidhinishwa kutoa cheti cha kimataifa, kwa maana si kila zahanati inaruhusiwa. Ulizeni ada rasmi, na mkilipa mdai risiti.

Tunajua kwamba wengi wenu huvuka asubuhi na kurudi jioni, kwamba shamba liko huku na shangazi yuko kule, na kwamba nauli ya kwenda kwenye kituo kilichoidhinishwa inaweza kuwa faida ya wiki nzima. Hatulidharau jambo hilo. Vikundi vya wafanyabiashara vinaweza kukusanyika na kuwaomba maafisa wa afya wa wilaya wawafikie sokoni kwa siku maalumu, nasi tuko tayari kupeleka ombi hilo pamoja nanyi. Gharama ya sindano hii hulipwa mara moja maishani. Kadi ya bandia hununuliwa tena kila inapokamatwa.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Kwa nini mtu aliyechanjwa juzi hawezi kutumia cheti chake leo?
2. Jirani yako ana kadi halali ya mwaka 2009. Je, anahitaji kuchanjwa upya? Mtamjibu nini anayemwambia kwamba imeisha muda?
3. Mjamzito anataka kwenda kumwuguza mama yake ng'ambo ya mpaka. Aanzie wapi?
4. Katika soko letu, ni nani anayejua mahali kadi zinapouzwa, na ni nini kinachotuzuia kusema?

Swali la nne tunaliacha kwenu. Milango ya vituo vyetu iko wazi, na anayekuja na jibu lake hatalazimishwa kulitoa mbele ya umati.